Mkasi Kwenye Nyavu za Shangazi

Ukimletea shangazi yangu wavu uliochanika, usijisumbue kumweleza ulichanikia wapi. Atakuambia mwenyewe. Anauvuta mapajani, anaingiza vidole kwenye tundu, anageuza mara mbili, basi. "Hili ni gogo. Hili ni kambale mkubwa, amejizungusha. Na hili hapa ni wewe, umevuta kwa hasira."

Kuna mvuvi mmoja tunamwita Kigoda, maana ni mfupi na amekaa sawasawa chini. Siku moja alikuja na jarife lake, ule wavu mrefu wa kutega, limekatika vibaya. Akaanza kuhadithia mamba. Kamwona kwa macho yake, urefu wa mtumbwi, macho kama taa. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mamba huyo ana propela?" akauliza.

Watu wa barazani walicheka mpaka wakashikana mabega. Kigoda alikuwa amepitisha boti ya injini juu ya wavu wake mwenyewe.

"Sasa dada, mke wangu nimwambie nini?"

"Mwambie mamba. Mimi nashona tu, sitoi ushahidi."

Nimekaa kwake tangu nilipoacha shule kidato cha pili. Chumba cha mbele ndicho kiwanda. Nyavu zinaning'inia kwenye misumari ya dari, na kufika chumbani kwangu lazima nipite nimeinama kama mwizi. Katika nyumba ile kila kitu kilichovunjika kimefungwa kwa uzi wa nyavu: mguu wa kiti cha plastiki, mpini wa ufagio, miwani yake, hata ndala. Anakaa sakafuni, ananasa wavu kwa dole gumba la mguu ili ukaze, na sindano yake ya mbao inaingia na kutoka bila yeye kuitazama. Anaongea na wewe huku mkono unafanya kazi zake.

Ufundi ule aliukuta kwa mumewe. Mikono ya marehemu ilipoanza kutetemeka, shangazi alishona yeye, mlango umefungwa, na marehemu akakaa barazani kupokea sifa. Mwaka mzima watu walimpongeza mzee kwa viraka vizuri. Alipofariki, mvuvi mmoja alikuja msibani akaomba radhi kwamba wavu wake aliupeleka kwa fundi mwingine. Shangazi akamjibu pale pale kwenye mkeka, "Ungeniletea tu. Ni mimi."

Alikuwa na utaratibu wake ambao mafundi wengine hawakuwa nao. Wao wavu ukija na utelezi na matope wanauanika, wanaupiga fimbo, wanashona. Yeye hapana. Uzi mkavu wenye uchafu unakata vidole, na fundo linateleza. Kwa hiyo kila wavu ulioingia kwake jioni aliulaza kwenye maji ya kijito nyuma ya nyumba, kwenye kidimbwi alichokizungushia mawe, akautoa asubuhi umelainika. Hiyo ndiyo siri ya viraka vyake. Hakuna aliyerudi kulalamika.

Na kijito hicho usikichezee. Mvua zikianza, ningu wanatoka ziwani, wanapita kalavati la barabarani, wanapanda mpaka kwenye majani nyuma ya nyumba yetu kutaga mayai. Samaki wa hapa hapa, wa tangu enzi. Maji yanajaa migongo mpaka unaona kama yanachemka. Wiki hizo shangazi anakuwa askari. Vijana wa mtaani wakija na ndoo anawatimua kwa ufagio.

"Samaki wenyewe si wako!" kijana mmoja alimpigia kelele kutoka ng'ambo.

"Si wangu, na wewe si wako! Waache wazae. Wakikosa kuzaa hawa mimi nitashona nini, mapazia ya mama yako?"

Alikuwa anatania lakini hakuwa anatania. Ziwa lilishachoka. Wavuvi wenyewe walikuwa wanasema vijito vingine vyote vimejaa taka na mashamba, ningu wamebaki na mahali pamoja tu pa kuzalia, na mahali hapo ni pale nyuma ya jiko letu.

Mwaka juzi, kiangazi, Kigoda alileta jarife jingine. Safari hii hakuwa na hadithi. Alilitupa sakafuni akakaa. Shangazi akalivuta. Matundu yalikuwa madogo madogo, mengi, yamejikusanya kama ndui. Uzi haukuvutika wala haukufumuka. Umekatwa, ncha safi. Na katikati ya kila kundi la matundu kulikuwa na samaki, kichwa kipo, nyama hakuna.

Shangazi aligeuza mara mbili. Akageuza tena. Akaenda nalo dirishani, akavaa miwani.

"Sijui," akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo kuhusu wavu. Kigoda akajaribu kucheka.

"Dada, wewe ukisema hujui, mimi nifanyeje?"

"Nenda ukaangalie majini kuna nini."

Baada ya hapo nyavu zilikuja kwa mafungu. Zote na matundu yale yale. Fundi mwingine angefurahi, kazi imemfuata nyumbani. Yeye alikuwa anazipokea kama mtu anayepokea maiti.

Kigoda ndiye aliyemleta mhalifu mwenyewe, ndani ya ndoo. Mdudu mwekundu wa kahawia, urefu wa kiganja, magamba magumu, miguu mingi, na mbele makoleo mawili anayafungua na kuyafunga hewani. Tulimzunguka wote.

"Ana mikasi miwili na hana hata duka," Kigoda akasema. Jina likabaki hapo hapo. Mkasi.

Bwana samaki, yule afisa wa uvuvi, alikuja kesho yake na pikipiki. Kijana mpole, anaongea akiangalia chini. Alisema mnyama huyo si wa maji yetu. Kuna mtu ng'ambo ya ziwa alichimba mabwawa akawaleta kutoka mbali awafuge, awauzie mahoteli. Mafuriko yakavunja kingo.

"Samaki wetu hawamjui," akasema. "Hawajui wamle au wamkimbie. Yeye hana shida hiyo. Anakula mayai, vifaranga, konokono, na majani wanamojificha. Akimaliza anatoboa kingo."

"Na yeye analiwa na nani?" shangazi akauliza.

"Ndege wawili watatu, fisi maji. Lakini anazaa kuliko wanavyoweza kula."

"Hana dawa?"

"Dawa ya kumuua yeye inaua ziwa zima, mama."

Shangazi akatazama nyuma ya nyumba. "Anapanda vijito?"

"Anapanda. Pakiwa na unyevu anatembea mpaka nchi kavu."

Akatuonya tusihamishe maji, tusibebe ndoo kutoka ziwani kwenda kwenye kijito. Tukaitikia wote, na tulimaanisha. Nyavu hakuna aliyezifikiria, si yeye, si sisi. Wavu kwa akili yetu ni kitu cha kutoa vitu majini. Nani angewaza kwamba unaingiza?

Shangazi akaanza vita yake. Alisuka mitego ya waya, akaitega kwenye kalavati, pale kijito kinapoungana na ziwa, na chambo cha matumbo ya samaki. Kila asubuhi kabla ya chai anashuka kuangalia. Siku nyingine watatu, siku nyingine tisa. Anawaponda kwa jiwe mmoja mmoja.

"Hapiti mtu hapa," anawaambia, kama wanasikia. "Nyinyi kaeni huko huko mlikoharibu."

Na jioni, kama kawaida, analaza nyavu kidimbwini.

Ziwa lilikuwa linakwisha. Kigoda alisema majani ya pembeni yamekatwa chini chini, yanaelea. Maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Perege wanaotoka ni wachache na wengi wamenyofolewa mapezi. Lakini watu walikuwa na jambo moja la kujifariji, na walilisema wakipita barazani: "Lakini kijito cha mama kipo." Shangazi akisikia hivyo anakaza wavu kwa dole gumba, na unaona amenyooka mgongo.

Halafu vyura wakanyamaza.

Mimi ndiye niliyelitaja, tunakunywa chai. Nikamwambia siku hizi huku nyuma kumetulia.

"Jua kali," akasema.

Baada ya wiki mbili nikaona ukingo una vitundu, na mbele ya kila kitundu kichuguu kidogo cha tope.

"Panya," akasema. Hakuinuka kwenda kutazama. Shangazi yangu, anayejua tundu la kila kitu.

Asubuhi moja alikuwa anatoa wavu kidimbwini, mimi nafunga viatu niende bandarini kupakia mizigo. Nikasikia maji yametulia ghafla. Alikuwa amesimama, maji magotini, ameshika kipande cha wavu karibu kabisa na uso.

"Njoo," akasema.

Lilikuwa tundu dogo, ncha safi.

"Si yale yale?" nikasema.

"Hili halikuwepo jana. Wavu huu niliupokea mimi. Nilihesabu matundu yake yote kwa vidole. Hili limekatwa humu."

Hakulia. Alipanda ndani na maji yakimchuruzika, akavuta jarife lililoletwa asubuhi hiyo hiyo, bado limefungwa, bichi, na majani ya ziwani katikati ya mikunjo. Akaweka beseni jeupe chini. Akalikung'uta juu yake, taratibu, mkunjo kwa mkunjo. Vikaanguka. Vidogo kama panzi wachanga, vingine kama punje ya mchele, vyeupe vyeupe, unaona mpaka ndani. Kila kimoja kilipogusa beseni kilinyanyua vimakoleo vyake. Nilihesabu kumi na moja nikaacha.

Shangazi akakaa kwenye kile kiti cha plastiki.

"Kalavatini nilikuwa nafunga mlango," akasema. "Na dirishani nawapokea mwenyewe, jioni kwa jioni."

"Shangazi, hukujua."

"Ndiyo, sikujua. Hiyo inawarudisha?"

Alivaa kanga kavu akashuka ufukweni, na mimi nyuma yake. Wavuvi walikuwa wanapanga maboya. Akawaambia wote, kwa sauti ile ile anayotumia kusema hili ni gogo, hili ni kambale. Kijito kimeingiliwa. Hakuna aliyebeba ndoo. Ni mimi, kwa nyavu zenu, nilikuwa naziloweka.

Kigoda akaacha boya lake. Akasema, "Dada, usijipe kesi ambayo haipo. Nyavu ni zetu sisi."

"Nyavu zenu, mikono yangu. Usinibebee, Kigoda."

Mvuvi mmoja mzee alitema mate mchangani akaondoka. Ingekuwa afadhali angetukana.

Bwana samaki alipokuja, shangazi alitaka abomoe mawe, maji yote yatoke, wakamatwe wakavu. Kijana akamkatalia. Vifaranga vya ningu wa mvua iliyopita bado vipo humo, vikitoka sasa hivi vinaenda kuliwa ziwani. Na mikasi maji yakiisha wanazama kwenye vile vitundu vyao, wanakaa na unyevu miezi, wanasubiri.

"Kwa hiyo ukikausha, unaua wako na wao wanabaki," shangazi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tunafanyaje sasa?"

"Kuwatoa kwa mkono. Kila siku. Hawataisha, lakini wakipungua ningu wanaweza kupata nafasi."

"Mpaka lini?"

Bwana samaki akavaa kofia yake ya pikipiki.

Sasa nyavu zinaanikwa juani siku tatu, mpaka zinakauka kama majani ya kuezekea, ndipo anazigusa. Uzi unamkata. Vidole vyake vimejaa michubuko, anavifunga vitambaa, na viraka havishiki kama zamani. Kuna wateja wamehamia kwa mafundi wengine na hawarudi. Asubuhi tunaingia kidimbwini wote wawili, tunapapasa kwenye mashimo. Unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, unasubiri ubanwe, ukibanwa unavuta. Siku ya kwanza tulijaza ndoo. Siku ya kumi tulijaza ndoo. Kuna jike mmoja shangazi alimgeuza, chini ya mkia amebeba mayai meusi yaliyoshonana kama shanga, mamia. Akamwangalia muda mrefu sana.

"Mzazi mzuri," akasema, akamponda.

Mvua zilianza Jumanne. Ijumaa asubuhi maji yalikuwa yamepanda, na shangazi alikuwa ameshasimama ukingoni na ufagio wake, ingawa vijana hawakuja. Miaka mingine ungesikia vishindo vya samaki kabla hujatoka jikoni. Tulisimama mpaka jua likawa juu. Ndipo mgongo mmoja ukakata maji kutoka upande wa kalavati. Halafu mwingine. Nikahesabu kwa sauti, na shangazi akanishika mkono ninyamaze. Walikuwa saba. Wakaingia kidimbwini, wakazunguka, wakatafuta majani ya kutagia yaliyobaki, wakayapata kwenye kona moja.

Shangazi akatupa ufagio, akaingia majini na nguo zake, akasimama kati ya samaki na ukingo, mikono imezama. Kwenye ukingo, tope lilikuwa linasogea. Kitundu kimoja, cha pili, halafu mstari mzima, makoleo yanachungulia.

"Usisimame hapo kama mgeni," akaniambia bila kugeuka. "Ingia. Shika upande ule."