Herufi Tatu za Ekegusii

Siku niliyoripoti katika ofisi ya tafsiri, Kisii mjini, Mhariri Mkuu hakunionyesha hata kiti. Nilikuwa nimetoka ukarani wa kiwanda cha chai Itumbe, mtu mzima. Alinipa orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, zile herufi chache zinazoiambia simu maneno ni ya lugha gani. "Dada, hapa hatubuni. Fungua, soma, ndipo uandike." Moyoni nikasema, huyu mama wa Pwani atanifundisha lugha ya kwetu? Mimi mzaliwa wa Kiogoro! Kiburi hicho, jamani.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa programu ya simu ya wakulima wa chai. Aliyeitafsiri ni mwalimu mstaafu wa Gesima tuliyemwita Omong'ina, jina la heshima kwa mama aliyekula chumvi nyingi. Miaka miwili alijaza madaftari, akiwauliza wachumaji chai kila neno wanavyolisema. Sijaona subira kama ile.

Sasa sisi Abagusii nyumbani twasema Ekegusii, lakini kwa wageni twasema Kikisii. Basi kwenye msimbo wa programu nikaandika kis bila kufungua orodha. Kumbe kis ni ya watu wa Papua New Guinea huko! Yetu ni guz.

Sabato moja, baada ya ibada kanisani Gesima, Omong'ina alisimama kuwaonyesha majirani kazi yake. Simu ilitafuta Ekegusii, haikupata, ikafungua Kiingereza. Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Kumbe miaka miwili yote alikuwa anatudanganya." Omong'ina aliizima simu, akarudi kuketi.

Niliposikia nililia. Mhariri Mkuu hakufoka. Tulibadilisha msimbo faili moja baada ya nyingine, tukajaribu kwenye simu kuukuu na mpya. Kisha akaniuliza, "Faili tumerekebisha. Na jina la mama wa watu je?"

Sabato iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa lile. "Aliyekosea ni mimi. Omong'ina hakuwadanganya."

Omong'ina akanivuta mkono. "Inatosha, mwanangu. Fungua hiyo simu."

Nimestaafu sasa, baada ya wakuu watatu na lugha kadhaa za majirani zetu. Kila mara nilifungua orodha kwanza, halafu nikawauliza wenyewe lugha yao wanaiitaje. Mhariri Mkuu yule namshukuru mpaka leo.

Vijana wakiniuliza najivunia nini, nawaambia habari za mzee mmoja siku ile kanisani, mkulima ambaye tangu anunue simu alisomewa ujumbe na wajukuu, kwa kuwa ulikuja kwa Kiingereza. Aliichukua simu, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, polepole, mwenyewe. Kisha akainua macho.

"Nani ameifundisha simu lugha yetu?"

Kanisa zima likageuka kumtazama Omong'ina.