Walipomwomba Bibi Radhi

Mwaka wa kwanza chuoni nilisoma mantiki na maadili ya tiba, nikarudi likizo kwa mjomba, mtaa wa Picha ya Ndege, nikijiona sishindwi hoja na mtu. Bibi, mama yake mjomba, alikuwa ameletwa pale kutoka kijijini kwao Marui kutibiwa. Daktari alimwita mjomba pembeni, akamweleza kuwa saratani imeshasambaa. Mjomba akatukataza kumwambia mgonjwa.

"Mwili ni wake," nilisema. "Mwenye akili timamu ana haki ya kujua. Bibi ana akili timamu."

"Ukimwambia, umemuua."

"Neno haliui, mjomba. Saratani ndiyo inayoua."

"Hiyo falsafa yako itafutie kazi kwanza, ndipo uje utufundishe."

Watu wakacheka. Nikajiapia kwamba bibi mwenyewe akiniuliza, sitamdanganya.

Ndugu wakaficha kweli. Lakini kwetu mtu haachwi aondoke na kinyongo, kwa hiyo kila aliyekuja kumjulia hali alimshika mkono kabla ya kuaga: "Kama kuna siku nilikukosea, uniwie radhi." Mashangazi, majirani, hata mke wa mjomba aliyekuwa akimwogesha kila siku.

Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita mimi mjukuu wake tangu utotoni, "wewe msomi, hebu nipimie hili. Kijiji kizima humwomba radhi anayekwenda Makka, au anayekwenda kufa. Mimi tiketi ya ndege sina. Nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Hoja ile nimeigeuza mara nyingi tangu siku hiyo, na bado sioni pa kuishika.

"Nauliza kwa sababu ya dada yangu," aliendelea. "Tangu tugombane kwa lile shamba hatusalimiani. Kama ndiyo safari, nirudisheni Marui leo nikamwone. Kama napona, mwache. Na yeye ana miguu."

Nilikoroga uji uliokwisha kupoa. Kisha nikafanya nilichofundishwa: hoja ikikushinda, tafuta kilichoachwa nje.

"Umesahau Ramadhani, bibi. Imebaki wiki tatu. Watu huombana radhi kabla ya kufunga."

Alifikiri kidogo. "Ah, kumbe!" Akacheka mpaka akakohoa. "Basi tutaonana Idi. Na aanze yeye kuja."

Hata mwezi wa mfungo haujaandama, tulimrudisha Marui kumzika. Tulipotoka makaburini, dada yake aliniita ukumbini, alipokaa na wanawake wenzake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unamlisha?"

"Ndiyo."

"Hakuacha neno lolote kwangu?"

"Alisema mtaonana Idi."

"Dada yangu hakuwa mjinga wa mwili wake. Nani alimwambia atafika Idi?"

Nilimwambia naitwa makaburini. Wote wawili tulijua tumeshazika.