Kofi la Mke Mwenza

Nasreen ana mikono mizito, na mimi ninayeuza naye mabuibui katika duka moja hapa Minneapolis nimeiona ikifanya kazi. Mwizi wa mtandio alibanwa ukutani hadi akajikojolea. Mteja aliyemtukania mama yake alitoka na jicho jekundu. Mwenyewe husema hakutoka Mombasa kuja kupigwa na baridi, halafu apigwe na watu pia.

Aliyepata kipigo kikubwa ni Saada. Siku Nasreen alipogundua kwamba mumewe, Abdalla, ameoa mke wa pili kwa siri na kumweka Blaine, mji wa jirani, na kwamba binti wa huko, Raisa, ni mkubwa kuliko mwanawe, Hilal, aliendesha gari hadi mlangoni pa mwenzake akampiga kwa sufuria. Jino la Saada likaanguka kwenye theluji. Polisi walimkuta Nasreen bado ana nywele za mwenzake mkononi. Abdalla, asiye na haya, aliwaacha wote wawili akarudi zake Pwani, na simu hapokei. Namwombea tumbo la kuhara.

Hilal hakumrithi mama yake. Ni mpole, na shuleni kwao genge la wavulana likamfanya ngoma: leo mdomo, kesho mbavu. Nasreen alikwenda ofisini akapiga meza, akaambiwa watafuatilia. Baadaye wavulana wale wakamsukuma Hilal ngazini akavunjika mkono, na aliyemsukuma akamkanyaga palepale ulipovunjika.

"Wataniulia mtoto," aliniambia Nasreen. "Nami siwezi kuwapiga watoto wa watu."

Akatafuta shule nyingine. Iko moja ya charter, yaani ya umma lakini inajiendesha yenyewe, ndogo, hailipiwi, na wahuni hawavumiliwi. Lakini nafasi ni chache, watoto huingizwa kwa kura, na waliokosa hungoja kwenye foleni mpaka waote ndevu. Karani akamwuliza kama mtoto ana ndugu anayesoma pale, maana ndugu hutangulia wote, hata wa baba mmoja, mradi mzazi wa huyo mwanafunzi athibitishe.

Ndugu alikuwapo. Waswahili mjini hapa si wengi, na kila mtu anajua mtoto wa nani anasoma wapi. Alikuwa Raisa.

"Nitakwendaje kwa yule, shoga? Nilimng'oa jino."

"Utakwenda na gari langu, mimi nita-drive," nikamwambia. "Na mikono uiache ndani ya koti."

Saada alifungua mlango, na pengo lake likaonekana kabla hajasema neno. Salamu yetu hakuijibu. Nasreen akaeleza yote hapohapo kizingitini: kura, foleni, mkono wa Hilal, ndugu.

"Leo ni ndugu," alisema Saada. "Siku ile ulimwita mwanangu mwanaharamu."

"Nilimwita."

Kofi likaja. Nilisikia meno yakigongana. La pili likampasua mdomo. Pigo la tatu lilikuwa ngumi, ikampigisha magoti. Niliitazama mikono ya Nasreen, na naapa ilikuwa ikimwasha, lakini aliibana kifuani, akainuka, akauleta uso tena. Nilimwogopa Saada, na sijawahi kumpenda Nasreen kama nilivyompenda pale.

Saada alisimama akihema. Kisha akachukua simu, akapiga shuleni mbele yetu, akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba ndiyo, watoto hao ni ndugu, baba yao mmoja, na kesho atakwenda kutia sahihi.

Raisa alikuwa amesimama kwenye ngazi za ndani na alikuwa ameona yote. Akauliza, naye kwa Kiingereza, kama yeye ana ruhusa ya kumpiga huyo mvulana akija shuleni.

Mama yake alimgeukia, ngumi bado ameikunja.

"Yule nduguyo. Ukimgusa nitakuvunja mkono. Na mwingine akimgusa wewe ukatazama tu, nitakuvunja wa pili."

Makofi yote yale hayakumtoa Nasreen chozi. Kwa maneno hayo alikaa chini kizingitini, damu ikimchuruzika kidevuni, akalia.