Firauni wa Darasa la Sita

Neno lililokaribia kumpotezea kazi Mwalimu Mchanga lilikuwa kitabuni, ukurasa wa kumi na tisa, limepigwa chapa kwa idhini ya wakubwa: Firauni. Ndani ya kitabu ni mfalme wa Misri ya kale. Nje ya kitabu ni mtu asiyefaa hata kupewa maji mlangoni, na ukimwita jirani yako hivyo, wewe ndiye utakayehama.

Jina la Mchanga alipewa na wanafunzi. Siku ya kwanza ya somo la Misri aliingia na ndoo ya mchanga, akaimwaga mezani, akasema, "Haya, hili ni jangwa. Ishini." Walimu wenzake nao wakalidaka jina, ila wao walimaanisha uchanga wake kazini, maana alikuwa na miezi kumi tu na hajathibitishwa. Yeye aliitikia yote mawili.

Kabla yake, historia ya darasa la sita ilikuwa somo la kusinzia. Watoto walikariri majina ya wafalme na kuyasahau kabla kengele haijalia. Akatengeneza mchezo. Baba yake, fundi vigae, alimkatia mabaki ya vigae yakawa mawe. Punje za mahindi zikawa mikate. Kipande cha plaiwudi kikachorwa mto, mashamba, ghala, na kaburi la mfalme linalochongwa mwambani. Dadu ndiyo ilisema Mto Naili umefurika kiasi gani mwaka huo. Mkulima analeta nafaka, karani anaandika, Firauni anaamua nani ale, mchonga mawe anatoa jiwe. Kaburi likikamilika, Firauni ameshinda, na darasa zima linampigia makofi. Baba alipoelezwa sheria hizo aliuliza swali moja tu, "Na fundi je, anashinda lini?" Binti akacheka, akaendelea kupaka rangi.

Jumatatu mshindi alikuwa msichana wa dawati la mbele, anayelelewa na bibi yake. Alifika nyumbani amejaa furaha pomoni.

"Bibi, leo mwalimu amesema mimi ndiye firauni. Wote wakanipigia makofi."

Bibi alikuwa anaanua nguo. Aliziacha kambani.

Kesho yake, saa nne asubuhi, bibi na Mwalimu Mchanga walikuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mtu mwema, ila aliwaogopa wazazi kuliko wakaguzi. Mbele yake palikuwa na barua iliyokwisha kuchapwa, inangoja sahihi. Anayezoea kusimama mbele ya madawati hujifunza kusoma maandishi juu chini, na Mwalimu Mchanga aliisoma yote: kwa sababu ya lugha isiyofaa mbele ya watoto, shule haipendekezi athibitishwe kazini. Hakuwa na shule nyingine ya kukimbilia, na zaidi ya hapo alilipenda lile darasa.

"Mwanangu," bibi alianza, "mimi sina ugomvi na wewe. Lakini huyu mtoto nimemlea kwa mikono hii, na hilo neno nyumbani kwangu halilali."

"Bibi, Firauni ni mfalme tu. Ni cheo."

"Cheo gani hicho cha kutukania watu?"

Mwalimu Mkuu alishika kalamu. "Mama, barua hii hapa. Nikitia sahihi, mambo yamekwisha."

"Ngoja kwanza. Kesi haikatwi kwa kusikia upande mmoja. Huo mchezo wenyewe uko wapi? Niuone."

Mwalimu Mchanga hakusubiri aambiwe mara mbili. Alikwenda kuuchukua mbio mbio, akarudi na ubao kwapani na yule msichana nyuma yake, maana mchezo unataka watu wanne. Kila mmoja akachomoa kigae cha cheo chake kutoka mfuko wa mchezo bila kuchungulia. Msichana akawa karani, mwalimu akawa mkulima, bibi akawa mchonga mawe. Mwalimu Mkuu alichomoa Firauni. Alicheka, kisha akakumbuka kwa nini wamekaa pale, akaacha.

Dadu ilikuwa bahili. Mto haukupanda, mashamba yalitoa nafaka kiduchu, na yote ikaingia ghalani, yaani mbele ya tumbo la Mwalimu Mkuu, ambaye kufikia hapo mchezo ulikuwa umemnoga.

"Mikate ibaki kwanza," aliamuru. "Nataka jeneza la dhahabu."

Bibi alitoa jiwe bila kula. Zamu ya pili alitoa tena bila kula. Ya tatu ilipofika, alizoa vigae vyake vyote, akavitia mapajani, akakunja mikono.

"Sitoi."

"Bibi," mjukuu alimnong'oneza, "sheria inasema asiyetoa jiwe anapoteza zamu tu."

"Mimi nimepoteza zamu. Yeye atapoteza kaburi."

"Basi nitaleta mchonga mawe mwingine," alisema Mwalimu Mkuu.

"Na huyo naye hali?" Bibi alimtazama kwa huruma. "Baba, nimewapikia wavunja kokoto machimboni miaka ishirini na miwili. Chakula kikichelewa, nyundo zinalala. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na anayelichonga naye anaijua kidogo."

Mwalimu Mchanga alisahau barua. "Bibi, hilo lilitokea kweli. Miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita, wachonga makaburi ya wafalme walicheleweshewa nafaka yao. Wakaweka chini zana, wakaenda kukaa karibu na hekalu, wakakataa kazi. Karani mmoja akayaandika kwenye karatasi ya mafunjo, ndiyo maana tunajua. Niliyasoma nikayaacha nje ya mchezo. Sikujua mgomo unachezwaje."

"Unachezwa hivi," bibi alisema, akijipapasa mapajani.

Kisha akautazama ubao, kaburi lake nusu, na ile mikate iliyorundikana upande mmoja.

"Kwa hiyo firauni ndiye huyu aliyeikalia mikate?"

"Ndiye."

"Basi neno halina kosa, mwanangu. Kosa ni kumpigia makofi."

Mwalimu Mkuu alizitazama punje zilizo mbele yake. Taratibu akazisukuma zote hadi upande wa bibi. Bibi akazihesabu, akaridhika, akaweka kigae kimoja ubaoni.

"Hiyo ni sheria mpya," msichana alisema. "Karani si lazima aandike? Niandike wapi?"

Mwalimu Mkuu alitazama huku na huku kama mtu asiye na karatasi ofisini kwake. Akaigeuza ile barua uso chini, akampa, na kalamu yake juu yake. Mwalimu Mchanga akaona kwamba sahihi haitatiwa tena, akamsogezea msichana kiti. Msichana aliandika kwa herufi kubwa: Mchonga mawe asipokula, jiwe halitoki.

Jioni Mwalimu Mchanga alimkuta baba yake mlangoni, anaosha saruji mikononi.

"Baba, uliniuliza fundi anashinda lini."

"Ehe?"

"Leo, saa tano kasorobo."