Mama Pumzi na Ini Lililoshuka

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mama Pumzi ni kifua chake. Kila alipomwambia mgonjwa abane pumzi, naye alibana yake. Alikaa mbele ya kioo cha chumba cha skani, midomo imefumbwa, mabega yametulia, mpaka mashine ikamaliza kuzunguka. Ndipo wote wawili, mgonjwa ndani na yeye nje, wakaachia kwa pamoja kama watu waliotua gunia.

"Ukibana nao, unajua inaanza kuuma wapi," aliniambia nilipomuuliza. "Ukihesabu tu, unakuwa saa ya ukutani."

Ni mtaalamu wa picha za mionzi, mwaka wa ishirini na mbili kazini. Alianzia kwenye chumba cha giza, enzi za kuzamisha filamu kwenye dawa na kuzianika kama nguo. Siku hizi anaendesha programu ya kompyuta inayomwongoza daktari kuchoma uvimbe wa ini kwa sindano ya moto, bila kupasua tumbo. Picha za skani huingizwa humo, nayo programu hulichora ini kwa rangi: ini lenyewe kahawia, mishipa ya damu buluu, kifuko cha nyongo zambarau, uvimbe njano. Kisha huchora njia ya sindano kutoka kwenye ngozi hadi katikati ya ile njano, na duara la kuonyesha moto utafika wapi.

Fundi aliyeileta programu alifundisha siku tatu, akaaga. Yaliyobaki Mama Pumzi alijifunza kwa maini ya ng'ombe. Aliyapachika punje za maharage, na baada ya saa za kazi akayapiga skani na kuzitafuta punje kwa sindano. Mwenye bucha alishindwa kuvumilia.

"Mama, maini kila Ijumaa, na mwili wako huo huo! Unamlisha nani?"

"Kompyuta."

"Basi mwambie aje mwenyewe, nimwongeze na figo."

Kwa maini hayo alijifunza kulenga. Lakini ini la buchani halipumui. Ini la mtu hai hupanda na kushuka kwa kila pumzi, na sindano iliyolenga vizuri inaweza kukuta uvimbe umehama. Ndiyo maana kila mgonjwa hufundishwa kwanza kubana pumzi mahali pale pale, na ndiyo asili ya jina la Mama Pumzi.

Siku ninayotaka kuisimulia alikuwa na mzee mmoja, refa mstaafu. Uvimbe wake ulikuwa na upana wa milimita ishirini na sita, umekaa jirani na kifuko cha nyongo. Kati ya uvimbe na kifuko palikuwa na milimita tisa tu. Moto ukizidi upande huo, ungetoboa kifuko. Ukipungua, ungeacha mbegu ya ugonjwa. Na moyo wa mzee haukuweza kustahimili upasuaji mkubwa, kwa hiyo sindano ndiyo nafasi aliyokuwa nayo. Picha za kupangia kazi zilikuwa zimepigwa wiki mbili kabla. Bintiye alibaki kwenye korido, mkoba wa baba yake mapajani.

"Refa, leo filimbi ninayo mimi," daktari alimtania.

"Puliza tu, daktari. Kadi nyekundu uiache mfukoni."

Ilipigwa skani ya siku hiyo, programu ikailaza juu ya picha za zamani, na alama ya kijani ikawaka: zimelingana. Daktari alichoma ganzi ya ngozi, akashika sindano.

Mama Pumzi aliinamia skrini. Alisogeza picha mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Ghafla akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Daktari, simama hapo hapo."

"Nini tena? Kijani nakiona hiki hapa."

"Kijani cha mbavu hicho. Imelinganisha mifupa, na mifupa haijaenda popote. Ini ndilo limeshuka. Tazama chini ya ubavu wa mwisho. Sentimita moja na nusu."

Sindano ilibaki hewani. "Dada, mgonjwa ameshapewa dawa ya kumtuliza. Una uhakika?"

"Ukiingia kwa njia hiyo unachoma ini lenye afya. Uvimbe unabaki chini unatucheka."

Daktari aliiweka sindano kwenye sinia. Mama Pumzi aliingia chumbani na kumwinamia mzee.

"Mzee wangu, hiyo pumzi umeifanya nini?"

Mzee alitabasamu kama mtoto aliyeitwa mbele kupewa zawadi. "Umeona, eh? Karatasi yako ya maelekezo ilisema nifanye mazoezi. Nimefanya asubuhi na jioni, binti yangu ananishikia saa. Nilianza na sekunde kumi na mbili. Sasa arobaini!"

"Unavuta hewa nyingi?"

"Mpaka mbavu zinalia!"

Mzee alikuwa ameambiwa arudie pumzi ile ile, yeye akaizidisha. Mapafu yaliyojaa kupita kiasi yalikuwa yamelisukuma ini chini, mbali na mpango wote. Na karatasi aliyoifuata aliiandika Mama Pumzi kwa mkono wake.

"Kosa langu hilo," alimwambia daktari. "Niliandika afanye mazoezi. Sikuandika avute kiasi gani."

Walijaribu kumrudisha kwenye pumzi ya zamani. Alivuta mara tatu, na mara tatu ini likasimama mahali tofauti.

"Dawa ya kumtuliza haitakaa muda mrefu," daktari alisema. "Akianza kuhangaika, tunafunga kazi."

"Basi hatuvuti tena. Mzee wangu, toa hewa. Polepole, kama umeketi baada ya mechi. Ikiisha yenyewe, kaa hapo hapo."

Kamera ya chumbani ilifuata kibandiko kifuani mwa mzee, na kwenye skrini mstari wa pumzi yake ulishuka ukatulia. Akarudia. Ukatulia pale pale. Akarudia tena. Pale pale.

Skani mpya ilipigwa, na Mama Pumzi akaanza mpango upya, mgonjwa akiwa mezani. Njia ya kwanza ilikatiza mshipa mkubwa. Ya pili iligonga ubavu. Jasho lilimtoka shingoni, na mara mbili alifuta kiganja kwenye suruali ili kipanya kisimteleze. Kule ndani mzee alianza kusogeza vidole vya miguu.

"Dada!" daktari aliita.

"Nipe dakika mbili."

Njia ya tatu ilipita katikati ya mbavu mbili, kina milimita sabini na moja. Safari hii hakuitazama alama ya kijani. Alipima mwenyewe, kutoka mshipa hadi mshipa, kisha akasema, "Ingia."

Sindano iliingia kwa hatua tatu, kila hatua kwa pumzi moja iliyotolewa. Moto uliwashwa kwa dakika nane. Dakika ya sita mzee aliguna kwamba bega linawaka.

"Ini ndilo linalolalamika, mzee; maumivu yake hupandia begani," daktari alimwambia. "Vumilia, usisogee."

Mzee alivumilia.

Picha ya mwisho ilionyesha doa jeusi palipokuwa na njano. Kuuzunguka uvimbe, moto ulikuwa umevuka mpaka wake kwa milimita tano, kama walivyotaka. Isipokuwa upande wa nyongo: tatu. Daktari alipima tena umbali hadi kwenye kifuko, akakataa kuongeza moto.

Binti wa mzee alisimama walipotoka. "Mama, uvimbe umetoka?"

"Hautoki, mwanangu. Umechomwa. Kama umeisha wote, picha ya baada ya mwezi ndiyo itasema."

"Wewe unaonaje?"

"Naona milimita tatu," alijibu, akamshika mkono.

Jioni hiyo hiyo aliichana ile karatasi ya maelekezo na kuandika nyingine. Wagonjwa wengine wamekuja na kuondoka tangu hapo, lakini faili la refa halijaondoka mezani kwake. Mzee amepangiwa ile picha ya baada ya mwezi Alhamisi, saa nne asubuhi. Programu italaza picha mpya juu ya ile ya siku ya moto. Ukingo wa upande wa nyongo ukibaki mweusi, uvimbe umekufa. Pakionekana weupe, hata mwembamba kama uzi, kuna kitu kimebaki hai.

Mama Pumzi alipaswa kuanza likizo jana. Ameisogeza hadi Ijumaa. Leo ni Jumanne.