Bendera Nyekundu ya Mama Mkwe

Mie sina subira na watu wanaoniambia Zanzibar si nchi. Mwalimu wa binti yangu, hapa Chatsworth, mtaa wa Durban, Afrika Kusini, aliponiambia kwamba Siku ya Urithi mtoto atabeba bendera ya Tanzania ama atakaa benchi akiwatazama wenzake wakisimulia habari za kwao, nilimjibu, "Atabeba ya kwao." Nikarudi nyumbani nimefura.

Nikamkuta mama mkwe keshaishona. Nyekundu tupu, bendera ya Sultani!

"Hasha! Mama, mwanangu haibebi hiyo."

Baba yangu kule Unguja alichuma karafuu za wenyewe chini ya bendera hiyo, na siku ya Mapinduzi alikuwa miongoni mwa vijana walioishusha. Nimelelewa kuichukia, na naichukia kweli.

Mama mkwe hata hakuinua macho kwenye cherehani. Yeye kazaliwa Bluff, upande wa pwani wa mji huu, katika wale Wazanzibari wa Durban ambao wazee wao waliletwa na meli baada ya kukombolewa utumwani. Unguja yenyewe hajawahi kuikanyaga.

"Makaburu walipokuja kutuhamisha Bluff," akasema, "walimuuliza baba yangu, nyinyi watu gani? Angejibu Waafrika, tungetawanywa. Akasema sisi watu wa Sultani wa Zanzibar. Ndipo wakatuandika Waasia, wakatuleta hapa mtaa wa Wahindi, sote pamoja. Halafu redio ikatangaza Sultani kakimbia. Eish! Tukanyamaza. Nani angewaambia Makaburu?"

Nilicheka, na hasira zangu hazijaisha. Kumbe ufalme alioupindua baba yangu uliendelea kuwalinda watu Durban. "Haya, abebe," nikasema, "ila mie naapa siigusi."

Siku yenyewe mwalimu akatuzuia mlangoni. "Hii si bendera ya nchi yoyote." Mama mkwe akageuka kumkabili, pembe moja ya kitambaa ikamponyoka. Nikaidaka, mie niliyeapa kutoigusa.

"Ulikuwa ufalme," nikamwambia mwalimu, "ukawa jamhuri, na aliyemfukuza mfalme ni baba yangu na wenzake. Historia yetu tunaijua, hutufundishi weye. Mwache mtoto aseme."

Mwalimu akasogea kando. Binti yangu akapanda jukwaani, akatutazama mie na bibi yake tumeshika kitambaa huku na huku, akavuta pumzi.

"Bendera hii babu yangu aliishusha. Bibi yangu ilimwokoa. Sasa nyamazeni niwaeleze."