Reli ya Ngazi ya Mjomba

Mjomba wangu alijenga ghorofa ya maduka pale Muleba mjini, akampangisha mama, mdogo wake, chumba cha juu cha kushonea nguo. Mama ana goti bovu. Alipanda kwa kujivuta kwenye reli ya ngazi, na akifika juu alikaa kwanza ndipo asalimie watu.

Reli yenyewe mjomba hakuiweka kwa kumpenda mtu. Mkaguzi wa majengo alimwambia wazi kwamba jengo la biashara halifunguliwi bila reli ya kushikia: ianzie chini hadi juu bila kukatika, ifike usawa wa kiuno, na mtu akiiegemea isitikisike. Mjomba akafunga mabomba ya kung'aa, akapata kibali chake.

Ikaja Krismasi. Kwetu Krismasi ni mtihani. Wa Dar na Mwanza wote wanarudi, wanapita migombani wakitazama nani kamjengea mzee wake kaburi la maana, na la babu kule kijijini Ijumbi lilikuwa na vigae tu. Mjomba aliona aibu. Akaita fundi, reli ikakatwa, ikaenda kuzungushiwa kaburi. Wageni walisifu sana.

Sikukuu zilipoisha mama alimwomba airudishe. Akamjibu mbele ya ndugu kwa mshangao wa Kihaya, "Waitu! Unataka nimvue baba yako uzio ili wewe upande ngazi?" Watu wakacheka. Mama akainamisha kichwa. Babu alikuwa baba yake pia, na mjomba alilijua hilo vizuri kabla hajafungua mdomo.

Januari, msimu wa sare za shule, mvua ilipigwa na upepo hadi ndani. Mama alikuwa akishuka na furushi la sare, akateleza. Mkono ulitafuta pa kushika, ukakosa. Nyonga ikavunjika.

Mjomba alikuja hospitalini Bukoba na ndugu kadhaa, amevaa suti, akaongoza sala ndefu. Kisha akamshika mama mkono kwa upole. Sijawahi kuuchukia upole kama siku ile.

"Usihangaike tena na ngazi, dada," alisema. "Chumba nimempa mtu mwenye magoti mazima. Cherehani yako nimeitoa, iko nje kwenye baraza la maduka."

"Asante, kaka," mama alisema, kisha akauliza kama imefunikwa.

Mjomba alikuwa ameshageukia mlango.